Roho imekubali, niweke hela?

Mwezi huu meseji zimefurika za watu wanaotaka kuingiza hela kwenye kampuni changa, hizi za aplikesheni na mambo ya mtandaoni, sijui ndo msimu wake. Nimechagua maswali manne, la kwanza nimelijibu kwa kirefu maana mengine yote yanalizunguka hilo hilo.

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni dada wa miaka 34, nafanya kazi stoo ya dawa za jumla hapa Dar mwaka wa tisa sasa. Kuna kijana nilisoma naye ana kampuni changa, wana aplikesheni inayounganisha mafundi pikipiki na maduka ya spea, fundi anaagiza kwenye simu bodaboda inamletea hapo hapo kijiweni. Anataka nimpe milioni 12 anipe asilimia 10 ya kampuni. Anko, nikimsikiliza yule kijana nasikia kabisa roho imekubali, ana macho ya mtu atakayefika mbali, na mimi roho yangu haijawahi kunidanganya. Mume wangu hataki, anasema akiba yetu yote ni milioni 15 na mimi nina matumaini kupita kiasi. Nimsikilize nani, roho au mume? (Dada wa Stoo, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu. Ya ndani ya nyumba mtayamaliza wenyewe, mi siingii. Ila hapo kwenye macho ndo nimekaa kitako, kwa sababu kuna tajiri mmoja wa Japani alishasema maneno karibu hayo hayo.

Anaitwa Masayoshi Son, mwenye kampuni ya uwekezaji ya SoftBank. Mwishoni mwa 1999 alikutana na Jack Ma, mwalimu wa zamani wa Kiingereza aliyekuwa ndo kwanza ameanzisha Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, kule China. Son mwenyewe alikuja kusimulia kwamba yule bwana hakuwa na mpango wa biashara, mapato yalikuwa sifuri, wafanyakazi 35 au 40 hivi, lakini macho yake yalikuwa makali yanang'aa, basi akaridhika. Maongezi ya dakika chache tu, mwaka 2000 SoftBank ikaweka dola milioni 20. Septemba 2014 Alibaba ilipoingia soko la hisa la New York sehemu ya SoftBank ilikuwa na thamani inayopita dola bilioni 50. Sasa mtu ukishashinda namna hiyo nani atakwambia usiamini roho yako?

Ndo akakutana na Adam Neumann wa WeWork, kampuni iliyokuwa inakodi majengo, inayapamba, halafu inayapangisha vipande vipande kwa watu wanaotafuta ofisi. Ziara ya kuzungushwa kwenye ofisi zao inasimuliwa kwamba ilichukua dakika 12. Mwaka 2017 SoftBank na mfuko wake wakaingiza dola bilioni 4.4, wakaja kuongeza na kuongeza mpaka jumla ikapita bilioni 10. Januari 2019 kampuni ikahesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Agosti mwaka huo huo walipotaka kuuza hisa kwa umma ikabidi waweke mahesabu mezani, watu wakaona mwaka 2018 waliingiza mapato ya bilioni 1.8 na hasara bilioni 1.9. Mauzo ya hisa yakafutwa, Neumann akaachia kiti, Son akasimama mbele ya watu akakiri kwamba alikosea kupima, na Novemba 2023 WeWork ikaomba kinga ya kufilisika.

Mtu ni yule yule, roho ile ile, macho aliyoyatazama yote yaling'aa. Kwa iyo ukiniuliza kama roho inafaa kusikilizwa nitakwambia inategemea imefundishwa wapi na ukikosea unabaki na nini.

Tuanze na hilo la pili. Mwaka 2000 Son alikuwa anamwaga hela kwenye makampuni ya intaneti kwa mamia, Alibaba ilikuwa moja tu kati ya hayo. Mengi yalikufa. Webvan iliyokuwa inapeleka vyakula majumbani ilifilisika Julai 2001, na hisa za SoftBank yenyewe zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90 baada ya lile povu la intaneti kupasuka, yaani bei za hisa za makampuni hayo zilizopanda kupita kiasi kuporomoka. Yale matumaini yake tunayoyasifia leo yalikuwa yametawanywa sehemu nyingi, hii ikifa ile ipo, na moja ikafidia makaburi yote. Wewe una milioni 15 unataka milioni 12 ziende kwa kijana mmoja. Hapo matumaini yako na ya Son yanafanana jina tu.

Sasa hiyo roho imefundishwa wapi. Kuna wataalamu wawili wa saikolojia, Daniel Kahneman na Gary Klein, walikuwa hawakubaliani kabisa, mmoja kazi yake kuonyesha jinsi hisia zinavyotudanganya, mwenzie alikaa sana na wazima moto na kuona jinsi kamanda mzoefu anavyohisi hatari kabla hajajua kwa nini. Mwaka 2009 wakaandika pamoja, wakakubaliana kwamba hisia ya mtu inaaminika pale ambapo kazi yenyewe ina utaratibu unaojirudia, na mtu amefanya muda mrefu huku akipata majibu ya haraka kama amepatia au amekosea. Mcheza chesi anayo hiyo, mzima moto anayo. Mwekezaji wa kampuni changa jibu lake linakuja baada ya miaka saba, nane, na likija hajui kama alijua au alibahatisha.

Wewe sasa. Unaposema roho haijawahi kukudanganya nakuamini, lakini ni roho ya stoo ya dawa. Akija mtu na katoni za antibayotiki za bei ya kutupa wewe hata kabla hujafungua boksi unajua kuna kitu hakiko sawa, ile namba ya bachi, ile plasta ya kufungia, ule uharaka wa kutaka kulipwa keshi. Umeyaona hayo kwa miaka tisa na majibu umeyapata hapo hapo. Kwenye spea za pikipiki hujayaona. Kinachokubali hapo ni jinsi kijana anavyoongea, na kuongea vizuri watu wengi wanaweza.

Na ungekuwa unaulizwa kuhusu dawa na vipimo nisingeongea hivi. Ile kampuni ya Theranos kule Marekani, ya Elizabeth Holmes, iliyosema inapima magonjwa chungu nzima kwa tone la damu la kidoleni, ilikusanya zaidi ya dola milioni 700. Waliozitoa ni kina Rupert Murdoch wa magazeti na familia ya Walton wenye maduka ya Walmart, watu wakubwa kabisa ila damu na maabara hawavijui. Wale wa mfuko wa Google Ventures bosi wao alisema walimtuma mtu wa timu yao ya sayansi aende kwenye duka la Walgreens kupima kama mteja wa kawaida, na haikuwa kazi ngumu kuona kwamba mambo hayako kama yanavyosemwa. Kwenda kupima tu! Wenzao walikuwa wanasikiliza sauti ya yule dada. Januari 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji, akapewa zaidi ya miaka 11.

Sisemi kijana wako ni tapeli, wala sidhani. Nasema fanya ile safari ya Walgreens. Nenda Kariakoo upande wa Gerezani, kaa duka moja ambalo anasema wameungana nao, ukae asubuhi nzima na soda yako, uangalie simu ya muuzaji inaita mara ngapi kwa oda za hiyo aplikesheni na mara ngapi fundi anapiga moja kwa moja "bro nitumie bush kiti ya Boxer". Kama mafundi wanapiga tu, jiulize aplikesheni inaondoa tatizo gani. Muulize pia muuzaji nani anabeba hasara spea ikirudishwa. Halafu huyo kijana akuonyeshe taarifa ya namba ya lipa ya miezi sita, na BRELA, wasajili wa makampuni, ulipie upekuzi uone wenye hisa ni kina nani, maana unaweza kuuziwa asilimia 10 kumbe kuna mjomba kule ana 60.

Na hesabu. Milioni 12 kwa asilimia 10 maana yake mmekubaliana kampuni nzima ina thamani ya milioni 120, leo hii. Muulize hiyo namba imetoka wapi, sio kwa ubaya, umsikie tu anavyojibu. Wakija wawekezaji wengine baadae wakapewa hisa mpya za asilimia 20, ile kumi yako inakuwa nane, wakija tena inakuwa sita na kitu. Na hisa za kampuni binafsi huwezi kuamka tu ukaziuza kwa mtu yeyote kama kiwanja, ada za watoto zikifika hela iko huko imelala.

Mi ningekuwa wewe, baada ya hiyo asubuhi ya Gerezani kama bado roho inakubali, ningempa milioni moja na nusu kwa thamani hiyo hiyo, inakuwa asilimia moja na robo, kwa maandishi, na zilizobaki zikae UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au popote unapoweza kuzitoa. Akikasirika kwamba ni ndogo, nayo ni taarifa.

SWALI: Sasa boss. Mwaka wa 2021 beshte yangu aliniomba niweke 200,000 kwa kampuni yake ya kupeleka mizigo hapa Nairobi, nikahisi tu vibaya moyoni nikakataa, sina hata sababu. Sasa wamepata mamilioni ya dola kutoka kwa wazungu, picha zao ziko kila mahali, bibi yangu ananicheka na mimi silali. Nitajuaje next time moyo ukisema hapana ni hofu tu? (Aliyekosa, Embakasi)

Poa sana ndugu. Kwanza ujue uko kwenye kampani nzuri. Mwaka 2008 Brian Chesky wa Airbnb, wale wa kupangisha vyumba vya majumbani kwa mtandao, alikuwa anatafuta dola 150,000 kwa thamani ya milioni moja na nusu, akaunganishwa na wawekezaji saba, watano wakakataa wawili hawakujibu hata. Fred Wilson, mwekezaji mkubwa wa New York, naye aliwakataa 2009, hakuona watu wakilala kwenye magodoro ya hewa sebuleni kwa watu wasiowajua. Wale vijana walikuwa wanauza maboksi ya sirio (nafaka za kifungua kinywa) za kampeni ya Obama ili wapate hela ya kula, na boksi moja Wilson aliliweka kwenye chumba chao cha mikutano liwakumbushe. Bessemer, kampuni ya uwekezaji ya siku nyingi kabisa, wana orodha yao ya hadharani ya walizozikataa, Google imo, Apple imo, FedEx imo. Na wako sawa tu, wanakula wanashiba.

Ila wewe mbona unajiliza mapema? Kupata hela za wazungu sio kupata faida, hiyo ni hela ya kazi wamekabidhiwa. Sendy walikuwa kwenye mizigo hiyo hiyo hapo Nairobi, mwaka 2020 walitangaza dola milioni 20, na 2023 wakashindwa, wakawekwa chini ya msimamizi. Copia, waliokuwa wanauza bidhaa kwa oda za mtandaoni, walikusanya zaidi ya dola milioni 100, Mei 2024 yakawakuta hayo hayo. Beshte yako anaweza kufanikiwa na namuombea, lakini ile 200,000 yako hata ungeiweka, leo ingekuwa karatasi tu, ungekuwa unaangalia picha zao kama unavyoziangalia sasa, tofauti ungekuwa unatabasamu.

Kuhusu kujua hofu na hisia ya kweli, angalia Kune, kampuni ya kuuza chakula. Yule Mfaransa alikuja Nairobi, akasema baada ya siku chache amegundua hakuna mahali pa kupata chakula kizuri cha bei nafuu, akapata dola milioni moja 2021, akauza sahani kwa kama dola tatu, Juni 2022 amefunga. Sasa wewe uliyekula kwa kibanda miaka yote, githeri na parachichi juu kwa bei ya soda mbili, moyo wako ungekataa ile biashara siku ya kwanza, na hiyo isingekuwa hofu, ungekuwa unajua tu. Wakenya waliomcheka mtandaoni walikuwa wanatoa uchambuzi wa soko bure. Kwa iyo moyo ukisema hapana uulize "umeona nini?" Ukikujibu kitu cha kushikika, bei, mteja, jinsi jamaa anavyowalipa wafanyakazi wake, usikilize. Ukinyamaza tu, basi kabla ya kukataa nenda ukaone kwa macho, huenda ukapata sababu au hofu ikaisha.

SWALI: Assalaam alaykum ndugu muandishi. Sisi ni kundi la Watanzania tulioko Muscat, tuko 63, wengi wa Unguja na Tanga. Tunataka kuchangishana kila mwezi tuwekeze kwenye kampuni changa nyumbani. Kuna kundi linataka twende na wale vijana tunaowaamini tu, wengine wanataka makaratasi mpaka basi. Wewe unatuambiaje? (Katibu wa kundi)

Wa alaykum salaam. Hili ndo nimelipenda, maana ninyi mnaweza kufanya kitu ambacho dada wa Mbagala hawezi, kugawanya.

Wamarekani wawili, Wiltbank na Boeker, mwaka 2007 walitoa utafiti wa wawekezaji binafsi 539 na mara 1,137 walizotoka kwenye kampuni, iwe kwa kuuza au kwa kufa. Asilimia 52 ya hizo walipata pungufu ya walichoweka. Asilimia 7 tu zilirudisha zaidi ya mara kumi, na hizo chache ndo zilibeba kama robo tatu ya mapato yote. Wastani wa jumla ukawa mara 2.6 ya walichoweka kwa miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo mwenye matumaini hakosei, anakosea akiyaweka yote pahala pamoja. Mkichagua kampuni moja au mbili tu, mnaweza kirahisi kuanguka kwenye lile kundi la 52.

Na hapo ndo watu wa makaratasi mtafurahi. Waliochunguza kampuni chini ya saa 20 kabla ya kuweka hela walipata kwa ujumla mara 1.1, waliozidi saa 20 wakapata mara 5.9. Na waliowekeza kwenye fani wanayoifahamu mapato yao yalikuwa kama mara mbili ya wasioifahamu. Saa 20 zinaonekana nyingi ila ninyi mko 63, na ndani yenu bila shaka kuna aliyefanya kazi bandarini, nesi, fundi umeme, mama anayejua khanga na vitenge mpaka kiwandani. Kampuni ya usafirishaji ikija asiende anayejua kuongea, aende wa bandarini.

Watu wa roho msiwafukuze pia. Kahneman niliyemtaja hapo juu, mwaka 1955 akiwa kijana kwenye jeshi la Israeli alipewa kazi ya kupanga jinsi ya kuwahoji askari wapya. Wahoji walizoea kukaa na mtu wakapata picha wakatoa maksi. Akawaambia hapana, kuna sifa sita, uliza maswali ya mambo aliyoyafanya kweli, toa maksi ya kila sifa kabla hujaenda nyingine. Wakanuna, wakaona anawafanya maroboti. Basi akawaachia moja, mkimaliza zote fumbeni macho mumfikirie yule askari, mtoe maksi ya mwisho ya roho. Ikaja kuonekana maksi ile ya kufumba macho ilikuwa na thamani karibu sawa na zile sita zikijumlishwa. Roho ilikuwa imeshalishwa ukweli kwanza.

Fanyeni hivyo hivyo. Chagueni mambo yenu sita, wateja wanaolipa, hesabu, waanzilishi wameshafanya nini pamoja, deni, vibali, bei dhidi ya wapinzani, kila mmoja aandike maksi zake kivyake bila kutazama za mwenzie, tena kabla ya kikao maana mzee mwenye heshima akishaongea wengine wote mnafuata. Mwisho mfumbe macho.

Jambo moja la sheria halafu naacha. Kampuni binafsi Tanzania kwa Sheria ya Kampuni ya 2002 haitakiwi kuzidi wanahisa 50, na ninyi mko 63. Kwa iyo hamuwezi wote kuingia majina kwenye kampuni moja, itabidi muwe na chombo chenu kinachoshika hisa kwa niaba ya kundi, na mkianza kualika watu wasiojulikana mitandaoni waje kuchangia mtakuwa mmeingia kwenye eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Tafuteni wakili kabla ya mchango wa kwanza, sio baada ya ugomvi wa kwanza.

SWALI: Mkuu kuna kampuni changa ya teknolojia wanasema weka 500,000 unapata asilimia 15 kila mwezi, ukileta watu wawili unapanda daraja. Wamenitumia na picha za ofisi. Moyo wangu una amani kabisa. Niingie? (Kijana, Mwanza)

Hapana. Kampuni changa ya kweli haigawi faida kila mwezi, haina, hela yote inaliwa na mishahara na matangazo. Asilimia 15 kwa mwezi ukiiacha izae mwaka mzima laki tano inakuwa kama milioni 2.7, mwenye biashara ya hivyo angeenda benki akakope, angekutafuta wewe wa nini? Hiyo ya kuleta watu wawili ndo biashara yenyewe. Waulize wakubwa wako nyumbani kuhusu ule upatu wa DECI, watu walikuwa "wanapanda mbegu" kwa amani hiyo hiyo ya moyo, tena na watumishi wa Mungu ndani, 2009 serikali ikaifunga na watu wakabaki na vikaratasi. Kama umeshatuma hela, tunza meseji zote za muamala na namba zilizopokea, nenda polisi waeleze ni makosa ya mtandao, na wakikwambia ulipe ada kidogo ili akaunti ifunguliwe utoe hela zako usilipe, hapo wanakupiga mara ya pili.